Ubeti wa Pili Ulikuwa wa Elia

Juzi nilikaa kibarazani kwa fundi viatu, hapa Tabora mjini, nikimsubiri anishonee soli. Pembeni yake palikuwa na donge la nta, jeusi kwa uzee, na kila alipotaka kutunga uzi aliuburuza kwanza juu ya lile donge. Jua la saa nne lilikuwa limelifikia. Nta ikaanza kulainika na kutoa harufu yake, ile harufu ya asali iliyokwisha kuliwa, iliyochanganyika na moshi na magome ya miti. Fundi alikuwa akinisimulia vituko vya mkwe wake, nami nikaitikia "ehe, ehe," lakini sikuwa naye tena. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nimekumbatia tarumbeta linalovuja.

Kijiji chetu kilikuwa kusini mwa mji, upande wa kwenda Ipole, ndani ya pori la miyombo. Watu walilima karanga na mahindi na kutundika mizinga ya nyuki. Mwingereza ndiye aliyekuwa akitawala, ila sisi watoto tulimjua zaidi kwa vumbi la gari la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, lililopita mara moja moja likatuacha tunakohoa na kushangilia. Mimi nililelewa na Bibi, mama yake mama. Babu sikumkuta. Alikuwa mpagazi enzi za misafara, akabeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi kwa miguu, na kwa maelezo ya Bibi alirudi na vitu viwili: kovu la begani, na nyimbo za njiani ambazo hazikufaa kuimbwa mbele ya mchungaji. Bibi mwenyewe alizijua zote. Alizinong'ona alipokuwa akitwanga, kisha Jumapili akaenda kanisani akiwa ameufunga uso kama mlango.

Sisi tulikuwa Wamoraviani, na kanisani kwetu muziki ulikuwa jambo kubwa. Mwaka mmoja wamisionari waliletewa kutoka kwao sanduku la matarumbeta makuukuu. Mengine yalikuwa yamebonyea, mengine yamekwama vitufe. Moja kubwa, la sauti ya besi, lilikuwa na tundu kwenye bomba, mahali ambapo kidole gumba cha mtoto kingeenea. Aliyekabidhiwa sanduku hilo ni Mwalimu Zakayo.

Mwalimu Zakayo alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti la jeshi lisilo na kifungo hata kimoja. Katika vita vya Hitla alikuwa keya, askari wa Mwingereza, na huko jeshini kazi yake ilikuwa kupiga tarumbeta. Hakupenda kusimulia vita. Nilimsikia mara moja tu akisema kwamba amepiga tarumbeta kwenye makaburi mengi mno ya vijana, na sasa anataka kulipigia jambo jingine. Jambo hilo jingine tulikuwa sisi: kundi la watoto wa kiume wenye magoti ya kijivu, ambao hatukujua hata kushika kitu bila kukigombania.

Lile tundu aliliziba kwa nta. Aliipasha moto, akaikandika, akaisawazisha kwa kidole. Ikashika vizuri, isipokuwa jua likiwa kali nta ililegea, na katikati ya wimbo tarumbeta lilianza kutoa upepo kwa kilio kama cha mbuzi aliyekanyagwa. Dawa yake ilikuwa kukandamiza pale kwa kidole gumba na kuendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Tarumbeta hilo alitupa sisi wawili, mimi na Elia. Matarumbeta hayakutosha, na Mwalimu alisema besi ni kazi nzito, inataka mapafu mawili. Elia alikuwa rika langu, mwepesi, mcheshi, mwenye sikio la ajabu. Sauti akiisikia mara moja alikuwa nayo. Lakini hakuweza kungoja. Palipotakiwa kunyamaza yeye aliingia, akacheka, akaomba radhi. Mimi nilikuwa na pumzi ndefu kwa sababu ya kupuliza moto wa Bibi wa kuni mbichi, na kuhesabu niliweza, ila sauti yenyewe nilikuwa nikiitafuta kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Siku nilipopata mlio wa kwanza Bibi aliusikia hadi shambani. Jioni akaniuliza ng'ombe wa nani aliyekuwa akizaa kwa shida.

Utaratibu wa Mwalimu ulikuwa hivi. Wimbo ukiwa na beti tatu, mimi nilipiga ubeti wa kwanza, Elia wa pili, mimi tena wa tatu, na wimbo uliofuata yeye alianza. Anayemaliza alimwaga maji yaliyojikusanya ndani ya bomba, akakifuta kile kikombe cha kuwekea mdomo kwa kitambaa safi, kisha akamkabidhi mwenzake kwa mikono miwili. Asiyepiga hakuruhusiwa kuchezacheza. Alikaa wima na kuufuata wimbo kwa vidole juu ya paja lake, kana kwamba tarumbeta analo. "Wewe hujapumzika," Mwalimu alituambia. "Wewe unapiga kimya kimya." Na kabla ya mazoezi alisali sala fupi kuliko zote nilizopata kusikia: "Bwana, tupe masikio. Amina." Alisema ukilisikia tarumbeta lako kuliko la mwenzako, ujue umepiga kwa nguvu mno. Sisi tulidhani ni habari za muziki tu.

Sasa inanibidi niseme habari za mama.

Nilipokuwa na miaka mitano hivi, mama aliepua chungu motoni kwa mikono mitupu, akakitua chini taratibu, na hakushtuka. Bibi ndiye aliyeshtuka. Alimshika mama kiganja akakuta ngozi imebabuka na mama hajui. Na yale mabaka mgongoni, ambayo walikuwa wakiyaita fangasi, wakaacha kuyaita fangasi. Kabla ya mavuno mama alihamia kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma, ng'ambo ya kijito, mwendo wa kama saa moja kutoka kwetu. Mimi nilikaguliwa ngozi mara kwa mara na sikuwahi kukutwa na kitu. Lakini kijijini niliitwa mtoto wa kambini, bila ubaya sana, kama mwingine anavyoitwa mtoto wa fundi.

Jumapili mchana Bibi alinipeleka kumwona. Palikuwa na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Wao walikaa upande wao na sisi upande wetu. Mama aliketi kwenye kigoda chake, kanga safi, kilemba kimeshuka hadi mahali palipokuwa na nyusi, mikono ameifunika. Niliruhusiwa kusema chochote nilichotaka, ila si kuvuka. Nilimsimulia tarumbeta. Nikamwonyesha kwa mashavu jinsi ninavyopuliza, akacheka hadi akainama.

"Nitalisikiaje hilo tarumbeta lako, baba?" aliniuliza. "Upepo wa huku unatoka kwetu kwenda kwenu. Sauti zenu hazifiki."

Neno hilo lilinikaa. Mazoezi yaliyofuata nilimweleza Mwalimu Zakayo kwamba mama yangu hawezi kutusikia kwa sababu ya upepo. Alikuwa akisugua tarumbeta kwa majivu na ndimu. Hakuinua kichwa.

"Basi tutampelekea," alisema. "Pasaka. Tukimaliza kwenye makaburi ya hapa, tunakwenda na ya kule."

Siku chache baadaye Mama Elia alikuja mazoezini kumwita mwanawe akamsaidie kung'oa karanga. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli, akirudi nyumbani kwa nadra, na kati ya watoto aliowazaa alikuwa amebaki na Elia peke yake. Alisimama mlangoni akitazama. Wakati huohuo nikawa namaliza ubeti wangu. Nikamwaga maji, nikafuta, nikamkabidhi Elia kwa mikono miwili, naye akaweka mdomo pale nilipokuwa nimeutoa wangu.

Mama Elia alipiga hatua mbili tatu, kanga ameishika puani, akaushika mkono wa mwanawe. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Mwalimu," alisema, "wanatumia kitu kimoja?"

"Wanatumia kimoja, mama. Huyu mtoto ni mzima. Anapimwa."

"Leo ni mzima."

Mwalimu Zakayo alilichukua tarumbeta. Alinipa nipulize sauti moja, nami nikapuliza. Kisha akalipokea, hakulifuta, akaweka mdomo wake papo hapo, akapiga sauti ndefu iliyotulia. Watoto wote tukamtazama Mama Elia tukidhani yamekwisha.

Hayakwisha. "Wewe uko peke yako, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Huna mtoto. Mimi ninaye huyu."

Mwalimu alilishusha tarumbeta. Halafu akajibu, "Ni kweli, mama." Akamwacha aende na Elia.

Walipotoweka, mtoto mmoja alianza kumwigiza Mama Elia, jinsi alivyoshika kanga yake puani. Tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Mwalimu Zakayo hakupandisha sauti. "Yule mama anaogopa," alisema. "Tusimcheke mtu anayeogopa. Turudi kwenye wimbo."

Hapo nikawa na tarumbeta la peke yangu. Sitakuficha kwamba siku ya kwanza nilifurahi. Nililipakata kama mtu aliyerithi. Lakini tulipoanza wimbo wa Pasaka, nikapiga ubeti wa kwanza, nikavuta pumzi tayari kwa wa pili, Mwalimu akaninyooshea kiganja.

"Ubeti wa pili ni wa Elia."

"Elia hayupo, Mwalimu."

"Najua."

Wakapiga wengine wote, ubeti wa pili ukapita bila besi. Sijui kama umewahi kukaa kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi. Ndivyo wimbo ulivyokuwa. Juu sauti zilipanda vizuri, chini hapakuwa na kitu, na mwili wako wote ulikuwa ukisubiri kuanguka. Ubeti wa tatu nilipoingia tena, hata wale waliokuwa wakipita njiani na mizigo yao walionekana kupumua.

Tukaendelea hivyo wiki nzima, na wiki iliyofuata. Habari za safari ya kambini zilikuwa zimeenea, na watoto wengine wawili watatu wakakatazwa na wazazi wao. Nazo nafasi zao ziliachwa wazi vilevile. Mzee mmoja wa kanisa alisimama dirishani akauliza mbona wimbo unachechemea. "Wenzetu hawapo," Mwalimu alimjibu, basi. Hakutaja jina la mtu.

Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Ubeti wa pili nilikuwa naujua. Mama yangu alikuwa amesubiri miaka, sasa tumpelekee wimbo kilema? Siku moja wenzangu walipoondoka nilibaki, nikamwambia hivyohivyo, na kabla sijamaliza machozi yalikuwa yananitoka. Mwalimu Zakayo alinisogelea, akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yake yakafika karibu na kidevu.

"Yakobo," alisema, "ukimjazia nafasi yake, siku akirudi atakaa wapi?"

Nilitaka kumjibu kwamba Elia harudi. Lakini niliona mbele ya macho yangu jembe la mama. Lilikuwa limesimama nyuma ya mlango wa Bibi tangu siku mama alipoondoka. Watu walikuja kuliazima, kwa maana lilikuwa jembe zuri, jepesi, na Bibi, ambaye angekupa hata chumvi yake ya mwisho, hakulitoa. Kila mwanzo wa masika alilitoa nje, akakwangua kutu, akalirudisha. Nikafuta machozi kwa mkono wa shati. Sikumwambia Mwalimu habari za jembe. Nilimwambia tu, "Sawa, Mwalimu."

Pasaka ikafika. Kwetu siku hiyo watu huamka alfajiri na kwenda makaburini kulipokea jua. Makaburi yalikuwa yamepaliliwa, na kila ukoo ulisimama karibu na watu wake. Bibi alisimama penye babu. Mama Elia, kama kila mwaka, alisimama kando, kwenye ua wa nje, Elia ubavuni. Miaka yote nilikuwa nikimwona amesimama pale, nikadhani ni maringo ya mke wa mtu wa reli.

Umande ulikuwa mzito, majani yananuka udongo. Mashariki palipoanza kuwa pekundu Mwalimu aliinua mkono. Nilipiga ubeti wa kwanza, na nadhani niliupiga vizuri. Kisha nikamwaga maji, nikafuta, nikalilaza tarumbeta magotini, na ule ubeti wa pili ukapita bila besi, wimbo ukiyumba juu ya vichwa vyetu. Nilimwangalia Elia. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya paja, kimoja baada ya kingine, kila kimoja mahali pake. Hakuwa amesahau hata sauti moja. Nikaona mama yake naye amevitazama vile vidole.

Ibada ilipokwisha tukaanza safari, sisi tuliobaki, Mwalimu mbele. Tulivuka kijito, waliokuwa na viatu wakavivaa tena, tukafika kambini jua limekwisha panda. Walikuwa wametusubiri. Walisimama na kukaa nyuma ya mstari wa mawe, wamevaa nguo zao njema, wengine wameegemea fimbo. Mama alikuwa mbele kwenye kigoda. Safari hii tuliambiwa tuvuke. Mwalimu alivuka mawe yale bila kuyatazama, nasi tukamfuata, mimi miguu ikiwa mizito kwa sababu nilikuwa nimezoea kwamba pale ndipo mwisho.

Makaburi yao yalikuwa nyuma ya nyumba: vichuguu vidogo vya udongo na misalaba ya miti. Pale watu hawakujipanga kwa ukoo. Kila mtu alisimama alipotaka. Tukajipanga. Nta ilikuwa imeanza kulegea kwa jua, nikaweka gumba langu. Tukapiga ubeti wa kwanza, na sikumtazama mama kwa kuogopa kupoteza sauti.

Ubeti ulipokwisha nikamwaga maji na kufuta. Mwalimu Zakayo alikuwa ameinua mkono kuanza wa pili, lakini mkono ukabaki hewani. Alikuwa akitazama njia ya kijito. Sote tukageuka.

Mama Elia alikuwa anakuja, viatu vyake mkononi, miguu imelowa, Elia nyuma yake. Alifika kwenye mawe ya chokaa akasimama. Nilimwona akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia kwenye maji ya baridi. Kisha akavuka. Hakumsalimu mtu. Alimwendea mama mmoja mzee wa pale kambini, akauliza kwa sauti iliyokauka, "Dada yangu Raheli yuko wapi?"

Yule mzee alimtazama usoni kwa muda. Halafu akanyoosha mkono wake usio na vidole, akaonyesha kichuguu cha pembeni, karibu na mti. Mama Elia akaenda akasimama pale. Hakulia kwa sauti. Mabega yake tu. Watu wote wa kambi walimsubiri. Alipojipangusa uso alirudi, akaja moja kwa moja hadi mbele yangu.

"Umemwaga maji?"

Nikashangaa kwamba anajua taratibu zetu. "Ndiyo, mama."

"Umefuta?"

"Nimefuta."

Alikitazama kile kitambaa, akakitazama kile kikombe cha tarumbeta. Mkono wake ulikuwa umemshika Elia begani, na vidole vilikuwa vimebana hadi kucha zimebadilika rangi.

"Futa tena," alisema.

Nikafuta tena, mbele ya mama yangu na mbele ya watu wote, uso ukiniwaka. Nilifuta ndani na nje, polepole. Alipoona inatosha, alikifungua kile kiganja chake begani kwa mwanawe, akasema neno moja: "Haya."

Nikamkabidhi Elia kwa mikono miwili. Akalipokea kwa mikono miwili, akaweka gumba juu ya nta, Mwalimu akashusha mkono, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile mlangoni nikasikia ubeti wa pili ukiwa na sakafu chini yake. Nilikaa wima. Vidole vyangu vilikuwa pajani vinapiga pamoja naye. Elia hakuingia mapema hata mahali pamoja.

Tulipomaliza mama aliniita. Sikuwahi kuwa karibu naye hivyo tangu alipohamia kambini. Niliona kwamba macho yake yana rangi ya asali, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Nikamwuliza kama amesikia.

"Nimesikia wote," alisema. "Kila mlipopiga nilifumba macho. Wako ulikuwa upi?"

"Wa kwanza na wa tatu, mayo. Wa pili ni wa Elia."

Akatikisa kichwa akitabasamu. "Masikio yangu yamesikia mtu mmoja. Hayakujua kama mnabadilishana."

Nikaumia. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi kwa miezi ili mama anisikie mimi, na sasa ananiambia hakunitambua. Nilinuna njia nzima ya kurudi. Mwalimu Zakayo aliponiuliza kulikoni nikamwambia, naye akasimama njiani akaniangalia kama mtu aliyepewa zawadi, akasema, "Alisema hivyo? Kweli alisema hivyo?" Akaendelea na safari huku akicheka peke yake. Nikamwona mwendawazimu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mama hakuwa amenikosa. Alikuwa amesikia kile hasa Mwalimu alichokuwa akikitafuta kwetu tangu siku ile ya sanduku.

Nisimalize kana kwamba kuanzia hapo mambo yote yalikuwa mteremko. Watoto wengine hawakurudi kwenye matarumbeta. Elia alirudi, kwa sharti la mama yake kwamba aje na kitambaa chake mwenyewe, kilichochemshwa. Miaka ile vidonge vipya vya ukoma vilianza kufika, na baada ya muda mama aliruhusiwa kurudi nyumbani. Vidole vilikuwa vimejikunja na haviwezi kunyooka, ila ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha. Bibi alilitoa jembe nyuma ya mlango. Tulilifunga kwenye kiganja chake kwa ukanda wa ngozi, akalima.

Mama Elia alikuja kumwamkia. Siku ya kwanza alisimama uani na kikapu cha karanga, akakiweka chini, akasogea nyuma ndipo mama akakichukua. Msimu uliofuata aliketi, lakini kwenye kigoda alichokuja nacho. Ilipita miaka kabla hajanywa maji nyumbani kwetu, na siku alipokunywa Bibi alitoka nje akajifanya anafukuza kuku.

Tulipokuwa watu wazima Elia alinieleza kilichotokea asubuhi ile. Walikuwa wameanza kurudi nyumbani kutoka makaburini, mama yake akasimama katikati ya njia. Raheli alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea. Alipopelekwa kambini Mama Elia alikuwa msichana, wakakatazwa kwenda, na alipokufa hawakwenda kuzika. Tangu hapo kila Pasaka alisimama uani kwa sababu kaburi alilotaka kulisimamia halikuwa pale. Alimwambia Elia, "Twende. Nami nina mtu wangu kule." Basi. Hakumweleza zaidi, naye Elia hakuuliza.

Lile neno lake, "Futa tena," nililibeba kwa uchungu muda mrefu. Nilisamehe, kama tulivyofundishwa, lakini lilikuwa bado linachoma, nikiliona kama dharau ya mwisho aliyotaka kunirushia kabla ya kukubali.

Halafu nikazaa. Binti yangu wa kwanza alipokuwa na miaka mitatu nilisafiri naye kwa treni kwenda Kigoma, behewa la daraja la tatu, joto kali, na maji yetu yakaisha. Mbele yetu aliketi mama mmoja aliyekonda, mwenye kikohozi kirefu kilichotoka mbali. Aliona mtoto analia kwa kiu. Akamimina maji yake kwenye kikombe cha bati, akanipa kwa mikono miwili.

Nilikipokea. Nilijua ninachotakiwa kufanya, nilikuwa nimefundishwa tangu nikiwa na miaka kumi, na bado mikono yangu iligoma kumsogezea mwanangu kile kikombe. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Samahani, mama, tukisuuze tena."

Yule mama hakukasirika. Alikichukua, akamwaga, akasuuza polepole, ndani na nje, huku amenitazama machoni, akamimina upya. Nikaona kwamba anaufahamu uoga wangu kuliko ninavyoufahamu mimi, na kwamba ananipa nafasi nimalize kuogopa. Hapo ndipo nilipomwona Mama Elia, amesimama mbele yangu makaburini, kucha zimebadilika rangi, akinipa kitu pekee alichokuwa amebaki nacho duniani huku anaogopa.

Nikamsogezea binti yangu kikombe. Alikishika kwa mikono yote miwili, akanywa hadi kikaisha, akaomba mengine.